Mkono wa Saba

Bismillahi. Mohamadi, funga duka, wateja wa leo watarudi kesho. Njoo ukae na ndugu zako. Anouar, zima simu. Lubna, Sijaona, sogeeni hapa mbele, msijifiche nyuma ya mama yenu kama wageni katika nyumba ya baba yenu. Pumzi niliyobaki nayo haitoshi kurudia neno mara mbili, na neno la leo nimelibeba zaidi ya miaka kumi.

Nianze na mali, maana mali ndiyo inayogombanisha waliolala kitanda kimoja. Nyumba hii ya Bwiza na duka la piesi, vipuri vya magari, vitagawanywa kama dini ilivyopanga. Sheikh Hamissi atawatajia mafungu, na mtu asimfundishe kazi yake. Mama yenu Khadidja asihamishwe chumba chake mpaka atake mwenyewe. Lakini parseli ya Mutakura, kile kiwanja chenye vyumba viwili na kibaraza kinachotazama barabara, msiiweke kwenye urithi. Dini inamruhusu mtu kumwachia asiye mrithi wake hadi theluthi ya mali, na parseli ile haifiki theluthi. Nimempa Consolée, mshonaji.

Naona mnatazamana. Anouar, umekunja uso. Ngoja, mwanangu, hasira haikimbii, utaikuta palepale nikimaliza, kama bado utaihitaji.

Ninyi mnamjua Consolée kama jirani wa duka letu, mama wa cherehani. Hamjui kwamba nilipogombea ubunge mara ya kwanza, ndiye aliyewakusanya wanawake wa mtaa, Waislamu kwa Wakristo, akawaambia, "Huyu mutu anasikiaka." Kostimu niliyovaa siku ya kiapo aliishona yeye. Mwaka uleule baba yake akafa huko mlimani kwao, na kaka zake wakagawana shamba wakamwambia binti hana fungu, aende kwa mume. Mume alikuwa amekwisha kufa. Alipokwenda mahakamani, hakimu akamwambia kwa huruma kwamba sheria ya urithi haijaandikwa, na pasipo sheria desturi ndiyo inayohukumu. Kutoka huko alikuja moja kwa moja dukani kwangu, viatu vimejaa vumbi, akasema, "Mzee Sulemani, si ndo kazi yenu kuandika sheria? Muandike basi."

Na muswada ulikuja, wanangu. Ulisema binti apate fungu katika ardhi ya baba yake. Ulianzia katika kamisheni yetu, kamati ya wabunge kumi na watatu, ambao kazi yao ilikuwa kuamua kama upelekwe mbele ya wabunge wote au uwekwe kando. Nilimwambia Consolée asiwe na wasiwasi.

Wiki moja kabla ya kura, wakubwa wa chama walituita. Hakuna aliyetishwa, nisije nikawasingizia watu nikiwa njiani kwenda kwa Mola wangu. Walisema uchaguzi uko karibu, ardhi ni ndogo, na watu wa milimani watatukasirikia tukiwalazimisha kaka wagawane na dada. Na sisemi kwamba hoja ile ilikuwa ya kipumbavu. Shamba la kutosha mbuzi wawili ukiligawa mara nane, unagawa ugomvi. Kisha mkubwa mmoja akatukumbusha, huku akimimina chai, kwamba majina ya wagombea kwenye listi ya chama huandikwa kwa kalamu ya risasi. Alicheka, nasi tukacheka. Kila mmoja alielewa. Kwetu mpiga kura huchagua chama, na chama ndicho kinachojua nani aandikwe juu na nani chini, na wa chini bungeni haingii.

Siku ya kura mwenyekiti wetu, Népomuscène, aliuliza nani anataka muswada uende mbele. Mikono sita. Akauliza nani anataka uwekwe kando. Mikono sita, na wake mmojawapo. Mimi nilikuwa naitazama karatasi yangu kana kwamba kuna herufi sijaisoma. Akaniita taratibu, "Onorabule Sulemani, na wewe?"

Nikawaza listi ya chama. Nikawaza pia, na hapa ndipo aibu yangu ilipo, kwamba mabinti zangu wana fungu lao, Qur'ani imekwisha kulitaja, hakuna kaka wa kuwafukuza. Nikainua mkono. Wa saba. Niliwanyima mabinti wa watu kitu ambacho wangu walizaliwa nacho.

Jioni ile Consolée aliniuliza habari za muswada. Nikamjibu, "Bado iko mu kamisheni, wanaisoma." Mwaka uliofuata akauliza, nikajibu vilevile. Uchaguzi ukaja, na jina langu likafutwa hata hivyo; Népomuscène mwenyewe ndiye aliyekuja kunipa habari. Nilimchukia miaka mingi, nikakataa hata kwenda kwenye msiba wa mkewe. Leo nawausia msirithi chuki hiyo. Mkono ulikuwa wangu, hakuuinua yeye. Nami, nikiwa sina tena ubunge wa kuulinda, bado nilimwambia yule mama kwamba wanaisoma. Uongo ukishazoea nyumba, hauombi tena ruhusa ya kuingia.

Mwezi uliopita, nilipotoka hospitali, alikuja kunisalimia. Nikamwomba mama yenu atupishe, nikamweleza yote. Alisikiliza, mikono juu ya mapaja, kisha akasema, "Najua, Mzee. Nilijua toka ile wiki. Karani wenu mumoja aliniambiaka." Nikamuuliza, sasa kwa nini miaka yote hii ulikuwa unaniuliza? Akasema, "Nilitaka siku moja uniambie we mwenyewe."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Nilipomtajia parseli alikataa, akasema, "Apana, mi siuzishe msamaha." Nikamwambia simlipi, kwa maana shamba la baba yake siwezi kumrudishia, namwomba tu asizeeke katika chumba cha kupanga kwa sababu ya mkono wangu. Mwishowe akasema atakubali ikiwa watoto wangu wote watakubali. Ndiyo maana nimewaita.

Sasa wewe, Anouar. Umeapa ubunge juzi, bado unanukia upya wa kiti. Chama kitakuita nawe, kitakumiminia chai. Kutii si dhambi. Mtu mmoja hapitishi sheria, na asiyejua kukubaliana na wenzake huishia kupiga kelele peke yake. Kubali unapoweza kukubali. Lakini usiinue mkono kwa jambo ambalo huwezi kurudi mtaani ukamweleza mwenye kuumia, siku ileile, jua likiwa bado juu. Huo ndio mzani wangu, na nimeupata nikiwa sina tena cha kupima. Na muswada ule ukirudi, usiupigie kura kwa ajili yangu. Nenda kamsikilize Consolée kwanza, uwasikilize na kaka zake, halafu upige kura yako mwenyewe.

Nipe maji, Sijaona... Ahsante, mama.

Nikifa, nioshwe na Mohamadi pamoja na Sheikh Hamissi. Msinicheleweshe kumngoja mtu mkubwa. Consolée akija msibani akae ndani pamoja na mama yenu, asiachwe barazani. Népomuscène akija, mpeni mkono.

Karatasi ya parseli hiyo hapo chini ya mto. Itoeni. Mashahidi wawili wako nje, waiteni. Asiyetaka kusaini asisaini, sitamlaani. Aseme tu sasa, mbele yangu, nisikie.

Allah awaweke pamoja. Awape ulimi usioogopa... na mkono mnaoujua kuwa ni wenu. Awarehemu waliowazaa.

Macho yangu hayaoni vizuri. Nani ameshika kalamu? Anouar? Mpe... mpe Lubna. Waanze mabinti.