Betri Aliyoibadilisha Fundi

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Fundi Simu. Mguu mmoja umekatika, umeegemezwa tofali, kwa hiyo hapa hakuna kubishana kwa kurukaruka. Asubuhi ile tulikuwa wanne: mimi muuza magazeti, Kocha ambaye hajawahi kumiliki hata mpira, Karani Mstaafu mwenye birika la kahawa, na Fundi mwenyewe, kaacha meza yake ya kazi kaja kukaa na sisi. Tukajua kuna jambo. Akatoa mfukoni kijidude cheusi chenye urefu wa kidole.

FUNDI: Mnakijua hiki?

KOCHA: Si kile kinasa sauti cha mwanao? Ulitutambia hapahapa, eti kijana anarekodi masomo ya chuo.

FUNDI: Ndivyo alivyoniambia. Miezi minne namchajia. Jana mama yake kamfuma chooni anakivuta. Sigara ya umeme! Choo kizima kinanukia stroberi.

MIMI: Fundi mzima, na ulishakifungua, hukuona?

FUNDI: Niliona waya na betri. Nilishaamini, ningeona nini tena?

KARANI: Usijitese. Ule ni mvuke tu. Wahenga walisema, maji ya moto hayachomi nyumba.

KOCHA: Mvuke wapi! Haba na haba hujaza kibaba, kifua kikijaa kijana anapaa.

KARANI: Heri yeye kuliko wa bangi. Ingawa ile ya zamani ilikuwa na adabu, unaisikia harufu mtaa wa pili. Siku hizi wanaikanda kwenye keki, mtoto anashiba huku analewa.

KOCHA: Na pombe je? Zamani kulewa kulitaka ndoo. Leo kichupa kinakaa kwenye soksi.

Karani alikuwa anajimiminia kitu kwenye kahawa yake.

KARANI: Msinitazame. Hii ni dawa ya kifua.

KOCHA: Mimi nina miaka thelathini na sigara ya kawaida. Mnaniona nina tatizo?

Akakohoa mpaka benchi likacheza, tukashikilia vikombe.

KOCHA: Hizi mpya ndizo hatari. Ule moshi unapeleka taarifa kiwandani. Wanajua mapafu yako yamebaki kiasi gani. Ukichoka stroberi, wanakuletea nanasi.

MIMI: Kwa njia gani?

KOCHA: Angani. Asiyekuwepo na lake halipo!

FUNDI: Acheni. Mwanangu si wa hivyo. Ana miaka ishirini, ni ujana tu, anaonja mara mojamoja.

Kulikuwa na binti pembeni, kaleta simu yenye kioo kilichopasuka, anasubiri zamu yake kimya.

BINTI: Samahani, baba. Alikuwa anakuletea kuchaji kila baada ya siku ngapi?

FUNDI: Mwanzoni Jumatatu kwa Jumatatu. Baadaye kila siku tatu. Mwezi huu kila asubuhi, pengine na jioni. Nikaona betri imechoka, nikamwekea mpya, kubwa zaidi.

BINTI: Na ile ya zamani?

FUNDI: Nzima. Nimeitia kwenye tochi yangu, wiki ya tatu hii haijazima.

BINTI: Sasa kama betri ilikuwa nzima, chaji ilikuwa inaishia wapi?

Karani akainua birika, likatoa machicha matupu. Nilimwonea Fundi huruma. Huyu ndiye anayetufundisha sisi sote kusoma dalili za simu inayokufa.

Akainuka, akamrudishia binti simu yake.

FUNDI: Njoo kesho, mwanangu. Leo nafunga.

KOCHA: Unakwenda chuoni? Mchape mbele ya wenzake, atakoma!

Fundi alikuwa anahangaika na kufuli.

FUNDI: Nitamchapaje, Kocha? Betri kubwa nimemwekea mimi.