Mama Antoinette na Mifuko Yetu

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, Mama Antoinette Cishahayo anastaafu, baada ya miaka kumi na minne katika kampuni yetu ya sabuni. Mi mwenye kupikia wafanyakazi nsima, ugali wa huku, njo nimeombwa kumwandika, maana alikuwa akifika karakana anaanzia jikoni kwangu. Masomo yangu ni kidogo, mtanisamehe.

Kwao Bukavu alikuwa katibu. Hapa kambini Dzaleka alianza kwa kukata miche ya sabuni. Kampuni ilipoingiza hati zake zote kwenye kompyuta, ofisi yetu ya mjini, Area 47, ikamkabidhi kazi ya kutunza mabadiliko. Kipimo kikibadilika, yeye njo alihakikisha wakubwa wamekubali, toleo jipya limefunguliwa na la zamani limefungwa, kule mjini na huku karakana.

Lakini kompyuta haifungi mifuko ya watu. Siku moja Nizigama, mchanganyaji wetu, alipima soda kali kwa karatasi ya kipimo cha zamani aliyoikunja mfukoni, eti ameizoea. Soda ikazidi, na binti yangu Carelle, mkataji, akababuka mikono yote miwili. Wiki nzima nilimlisha kama mtoto.

Tangu hapo, hati ikibadilika, Mama Antoinette hakubaki kwenye kiti. Alipanda minibasi, akaja kusimama mlangoni mwa karakana: "Mifuko nje!" Nizigama hakuacha kumchokoza: "Mama Anto, hata karatasi hii ya mandazi unaitaka?" Naye: "Leta, papa Nizi, nione kama si ile ya mwaka jana." Aliposikia karatasi moja ya kipimo cha zamani imefunika daftari la mtoto wa Nizigama, alimfuata mpaka nyumbani, akamfunikia daftari upya kwa kalenda nzuri ya kanisa.

Kusema kweli, tangu atangaze kuondoka, mi sijatulia. Lévi, anayeshika kazi yake, kompyuta anaijua sana. Lakini atashuka huku karakana? Au atabonyeza tu, abaki Area 47 na chai yake?

Jumatatu kipimo cha soda kilibadilika. Nilitoka jikoni, nikarudi, nikatoka tena, nsima ikashika sufuria. Mama Antoinette alikuwa amekaa karakana, amekuja kuaga. Mwisho kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, ikasimama, Lévi akashuka na vumbi mpaka kwenye nyusi: "Mifuko nje!"

Wote tukageuza mifuko, hata mi na aproni yangu. Lévi akamaliza, akamgeukia mwalimu wake: "Na mkoba, mama."

Ndani yake kulikuwa na kipimo cha zamani, kimekunjwa vizuri. Alikisahau, au alikuwa anampima kijana? Mpaka leo anacheka tu. Alikipasua mwenyewe, Carelle akavaa glavu zake, mi nikarudi kukwangua sufuria.

Aksanti sana, Mama Antoinette, kwa mikono ya watoto wetu. Pumzika vizuri huko Kauma, Mungu akupe afya na wajukuu wasikuchoshe. Ukipita karakana, sahani yako iko. Ila mkoba tutaufungua.