Maharage ya Daktari

Vidole vitatu vya Zoumana Traoré, fundi wa kudarizi kanzu, vilikuwa na ganzi mwezi wa pili sasa, na sindano ilimponyoka kama kambare. Ndani ya sotrama, basi dogo la abiria, ya kwenda Médine, mama aliyeketi mkabala naye aliona mfuko wa dawa mapajani mwake, akamwuliza daktari kasemaje. Hakuna aliyemwalika kuuliza.

"Kasema mishipa ya fahamu imeumia, na chembe hai zake hazina nguvu ya kujitengeneza. Kila chembe ina jiko lake dogo, na mimi nalinyima kuni, nakula wali mweupe na chai ya sukari tu. Kanipa vidonge, na maharage asubuhi na jioni."

"Umeyala?"

"Mama, daktari mwenyewe ni Diarra."

Sotrama nzima ikaguna kwa kumwelewa. Traoré na Diarra ni watani tangu mababu, na kila mmoja humwita mwenzake mla maharage. "Sasa nitajuaje kama hii ni tiba au utani?" akalalamika.

"Na vidole vikifa kabisa utadarizi kwa meno? Chembe hazijui utani, mwanangu. Kale maharage."

Maneno yakamwingia. Kanzu ya bwana harusi ilitakiwa Jumapili, na mkono mmoja wa nguo haujaguswa. Tayari alikuwa akiwaza soko la mbali la kununulia maharage, ambako hakuna anayemjua, ndipo sotrama ikasimama na mama akashuka.

"Mama, wewe ni wa ukoo gani?" Zoumana akamwuliza.

"Diarra," akajibu, akijifunga kilemba vizuri. "Na usisahau chumvi."