Kitu cha Kumrudisha Veneranda

Kijiwe chetu kipo nyuma ya stendi ya Tarime, benchi moja la mbao na birika moja la kahawa, na sijaona jambo la dunia hii lililoshindikana hapo. Juzi asubuhi Mama Boke alikuja na simu mkononi akaketi. Mke wake, Veneranda, yuko Kanada. Ndiyo, mke wake. Kwetu Wakurya mama asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa, na watoto wanakuwa wa mji wake. Veneranda alikwenda kwa viza ya matembezi kumsaidia Frida, binti wa Mama Boke, aliyejifungua mapacha. Muda wake unaisha Ijumaa, na Frida hana mtu mwingine wa kumshikia watoto. Ameomba aongezewe miezi sita. Watu wa uhamiaji huko wakauliza swali moja: ni kitu gani kitamrudisha nyumbani? Mama Boke alitaka tumwandikie barua ya kujibu.

Kalamu alishika Waitara, tunayemwita Balozi kwa sababu anavuka mpaka wa Sirari kila wiki.

— Shikamoo Mama. Hilo dogo. Atoke, halafu aingie tena.

— Marahaba. Atoke aende wapi?

— Nchi jirani. Mimi siku zangu za Kenya zikiisha, navuka huku nakunywa soda, narudi. Zinaanza moja.

— Jirani ya Kanada ni Marekani, nikamwambia.

— Kwani Marekani hakuna soda?

Thadeo, mchimba dhahabu wa kutoka Geita, sisi tunamwita Mwamba, akatikisa kichwa.

— Haraka haraka haina baraka. Aache Ijumaa ipite kwanza, wamwone ametulia.

— Ikipita anakuwa mkosaji, Mwamba, nikasema.

— Basi abadilishe, asiwe mgeni tena. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wazee hapo walikuwa wanaongelea kibali cha kazi.

— Au cha masomo, Balozi akasema.

— Veneranda aliishia la saba, nikasema.

— Si ndiyo maana? Aliyemaliza chuo angesomea nini?

— Au aolewe hukohuko, akasema Mwamba.

Mama Boke akamgeukia.

— Ameolewa, mura.

Mwamba akainamia kikombe chake.

— Tuandike mali, Balozi akasema. Mama, taja.

— Ng'ombe kumi na wanane.

— Tutaweka na picha zao. Moja moja, masikio yote mawili yaonekane, ndivyo wanavyotaka.

— Nyumba ya bati, vyumba vinne. Shamba heka tatu. Watoto wawili, wanasoma.

Balozi akaandika yote, akapiga mstari chini.

— Kwa barua hii hata mimi ningerudi.

Pembeni alisimama dada mmoja, Domitila, anayesubiri gari la Mugumu, anatandika vitanda kwenye kambi ya watalii kule Natta. Akaiomba barua, akaisoma mara mbili.

— Shikamoo Mama. Hawa ng'ombe ni wa nani?

— Wangu.

— Nyumba na shamba?

— Vyangu.

— Na watoto?

— Wa mji wangu. Ndiyo mila.

— Sasa hao wameuliza kitakachomrudisha yeye. Yeye chake hapa ni kipi?

Mwamba akachungulia ndani ya birika. Mimi niliona aibu, maana nilikula nyama kwenye harusi ya Veneranda na sikuwahi kujiuliza hilo hata siku moja. Gari la Mugumu likapiga honi, Domitila akarudisha barua, akaenda zake.

— Andika, Mama Boke akasema mwishowe. Yule mwekundu mwenye mimba ni wa Veneranda. Na ndama atakayezaliwa.

— Tangu lini, Mama? Wale watataka tarehe.

— Ya leo.

— Na asiporudi je?

— Atakuwa na ng'ombe Tarime.