Karatasi Isiyo na Kichwa

Bismillahi. Farhan, zima hiyo simu. Na wewe Amira acha kunipepea, kaa hapa nikuone, ukamate kalamu uandike ninayosema. Sikilizeni wanangu, na mtu asinikate kauli, maana pumzi yenyewe ni hii ya kuokoteza, na nina jambo nimelificha miaka sita.

Nyumba ni ya mama yenu Zuhra mpaka afumbe macho. Duka la sokoni mtaliendesha pamoja, na mkigombana mtanikera hata huko niendako. Hayo yamekwisha, wala sikuwaitia hayo.

Nimewaitia mkutano wa kesho saa nne, watu wa halmashauri wanapokuja kuchukua maoni yetu juu ya ile sheria ndogo ya ushuru, ile inayomlipisha mama wa Ikola, kule ziwani, dagaa wake wakiwa bado kwenye kichanja, kisha inamlipisha tena gunia lilelile likifika geti la hapa Mpanda. Nyie mnawalaumu madiwani. Wanangu, sheria ile ilipita kwa mkono wangu mimi Zubery, baba yenu.

Nilikuwa mwenyekiti wa umoja wa wafanyabiashara wa dagaa, na mnajua desturi yetu ukumbini: kabla mtu hajafungua mdomo, karatasi inazunguka, unasaini, unapata soda na posho. Siku ile ya kujadili ushuru soda zikanyweka, muda ukaisha, hakuna aliyesema neno. Nikaona saini hazitoshi, nikaipeleka karatasi hadi Ikola, eti na wasiofika wasikose posho. Romana, mmoja wa mama hao wa dagaa, alikuwa anaanika. Akafuta mkono kwenye kanga, akaweka dole gumba, akanishukuru. Akanishukuru, jamani! Kasimiri peke yake alikataa. Akaniuliza, "Mzee, juu hapa pako wazi, tunasaini nini?" Nikamwita mkorofi mbele za watu, nikamfukuza kwenye umoja.

Mwezi haukuisha, nikaiona karatasi ileile imeota kichwa: Wafanyabiashara Waliokubali Ushuru. Nikanyamaza. Niliogopa aibu, na niliogopa tenda yako ya halmashauri, Farhan, usinitolee macho. Romana akauza vichanja vyake, leo anapikia vibarua Kasekese, na tukikutana bado ananipigia magoti kunisalimu. Hilo ndilo linaloniua, figo zinasingiziwa tu.

Maji... kidogo. Basi.

Kesho Amira utasimama usome maneno haya kama yalivyo, jina langu usilipunguze. Farhan, utakaa karibu na dada yako watu wakikuona. Tenda itakwenda, najua, na watoto wako wanasoma kwa tenda hiyo, najua pia. Lakini mtu akisema baba yenu alilewa dawa, wewe mwanangu wa kwanza ndiye utakayesema hapana, alikuwa na akili zake. Bila wewe hawatamsikiliza, watasema ni maneno ya mtoto wa kike. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Kasimiri yuko barazani tangu asubuhi, mimi ndiye niliyemwita. Tukimaliza aingie, nimwombe msamaha mwenyewe. Muhuri wa umoja uko chini ya godoro, mpeni mkononi. Na kesho karatasi ikianza kuzunguka, asisaini mtu mpaka wote waseme, na kichwa mkiandike nyie wenyewe, kwa wino, pasibaki nafasi. Soda ziacheni zipoe... zipate joto, sijui, ziacheni.

Radhi zangu mnazo, wote wawili, ukinitii na usiponitii, Farhan, sikufungi. Mungu awape ujasiri. Awape riziki ya kutosha msinunulike...

Giza hili ni dirisha mmefunga? Haya. Umemaliza, Amira? Nipe kalamu nisaini. Farhan, nishike mkono, nionyeshe pa kusaini. Hivyo... Ah, hapana. Subiri. Subirini kwanza. Nisomee, mwanangu. Yote. Anzia juu kabisa... kwenye kichwa.