Mama Twende, Aliyesindikiza Kila Mtu

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, kabla sijasoma nina ombi moja, na familia nzima iko nyuma yangu katika ombi hili. Leo hapa mtu asimuulize aliyeketi karibu naye, "Wewe ulimfahamu vipi marehemu?" Najua ni swali la kawaida msibani, tena huulizwa kwa wema. Leo tuliache. Sababu yake imo ndani ya maisha ya marehemu mwenyewe, na nitaifikia. Msomaji wa wasifu huu ni mdogo wake wa mwisho, fundi bomba, na wanaonifahamu wanajua kwamba nikifunguka nahitaji mtu wa kunifunga koki. Mtu mwenyewe ndiye huyu aliyelala mbele yetu, kwa hiyo mnivumilie.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1950, mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa dobi na mshonaji. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya banda la kufulia, na kwa mvuke wa pasi sote tulikua tukiwa tumenyooka, isipokuwa mimi. Tangu utotoni marehemu alikuwa na tatizo moja: hakujua kuagana. Alipokuwa na miaka tisa, mama alimtuma amsindikize shangazi yetu hadi kona. Walipofika kona, shangazi akaona jua linazama na mtoto hawezi kurudi peke yake, akamrudisha. Walipofika nyumbani, dada akasema shangazi naye hawezi kwenda peke yake, wakatoka tena. Safari ya tatu baba alijitokeza mlangoni na pasi mkononi, akauliza, "Nyinyi wawili mnapima barabara?"

Shangazi alilala kwetu usiku ule, na wiki nyingi baada ya hapo. Mchana kutwa alikuwa ameketi na mama akizungumzia bei ya sabuni. Njiani, kwenye kona, gizani kidogo na bila mtu wa kumtazama usoni, ndipo alipomwambia mtoto yule kwamba mumewe anampiga na hataki kurudi. Nakisimulia kisa hiki kwa sababu shangazi mwenyewe aliniruhusu kabla hajafariki. Alisema, "Kisimulie, lakini usiongeze chumvi." Sijaongeza.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza sekondari mwaka 1968. Alikuwa mwanafunzi mzuri wa jiografia na mbaya kabisa wa hesabu. Ripoti yake ya kidato cha pili, ambayo baba aliisoma kwa sauti mbele ya wageni ili kumkomesha, ilisema: "Darasani ni mkimya, ila getini haondoki." Hakukoma.

Mwaka 1970 aliajiriwa kuwa opareta katika ofisi ya simu, akakaa mbele ya ule ubao wa kuunganishia nyaya kwa miaka ishirini na minne. Vijana wa leo hamjui, lakini zamani simu ya mbali ilikuwa ya dakika tatu. Zikiisha, opareta aliingia kwenye laini na kusema, "Dakika zenu zimekwisha, mnaongeza?" Kusikiliza mazungumzo ya watu kulikatazwa, na marehemu aliiheshimu sheria hiyo. Lakini kuingia ilimlazimu, na kila alipoingia aliwakuta watu wakihangaika na neno walilopigia simu. Dakika mbili na nusu za hali ya hewa, mahindi, watoto hawajambo, halafu mwishoni mtu anasema haraka haraka: mama anaumwa sana. Au: nisamehe. Marehemu alisema hapo ndipo alipojifunza kazi yake yote. Huwa hatusemi tulichojia. Huwa tunakisema mkono uko kwenye kitasa.

Kutokana na kazi hiyo alimpata mume. Fundi saa mmoja mwenye kibanda kando ya ofisi ya simu alikuwa akifunga kazi saa kumi na moja kamili, na marehemu akitoka saa hiyo hiyo. Shemeji yetu alijitolea kumsindikiza hadi kituo cha basi. Basi la kwanza likapita, la pili likapita. Yeye mwenyewe husimulia kwamba ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kutojua ni saa ngapi. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1973, wakajaliwa watoto watatu. Miaka hamsini na moja fundi saa alisubiri chakula cha jioni kwa mke asiyefika kwa wakati. Nilimuuliza siku moja kwa nini hamnunulii saa. Akajibu, "Shemeji, anazo nne. Zote zinasema kweli. Asiyezisikiliza ni yeye."

Mitambo mipya ilipokuja mwaka 1994, maopareta walipunguzwa. Watu walikuja kumpa pole, naye akawaambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kumbe alikuwa amekwisha kujiandikisha mafunzo ya ushauri nasaha ya jioni. Tarehe 3 Februari 1998, yeye na wenzake wawili walifungua kituo chao: vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya shule, benchi moja, feni moja, na pazia ambalo mama alilishona kwa macho yake ya mwisho.

Naomba niwatambulishe wenzake hao, maana wako hapa na wamekubali kutaniwa. Mmoja tunamwita Nesi, kwa kuwa alikuwa mkunga kwa miaka mingi. Yeye hamwachi mtu aanze kueleza huzuni yake kabla hajaulizwa umelala saa ngapi na umekula nini, na wengine, nasikia, walipona hapo hapo. Wa pili ni Mwalimu, aliyekuwa mwalimu mkuu, ambaye hutoa kazi ya nyumbani: nenda kamsalimie ndugu yako uliyenuniana naye, kisha uje uniambie amejibu nini. Baadaye alijiunga nao Msomi, kijana wa chuo kikuu, anayechora ukoo wa mtu ukutani kwa chaki mpaka mwenyewe aone kwamba ugomvi wake na mkewe ulianzia kwa babu. Marehemu aliwapenda wote na kuwachokoza wote. Nesi alipobandika ukutani methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua, marehemu aliibandua siku hiyo hiyo. "Mtu amekuja anatetemeka," alisema, "wewe unamtishia kifo kabla hajakaa!"

Njia yake yeye ilikuwa moja. Hao mnaowaita wateja aliwaita wageni. Aliketi na mgeni saa nzima, akasikiliza hali ya hewa na mahindi, na saa ilipoisha alisimama, akachukua mtandio wake na kusema, "Haya, twende nikusindikize." Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Twende. Walitoka wakatembea bega kwa bega, na kabla ya kufika kona neno lilikuwa limetoka. Msomi hakupendezwa. Alisema kazi ya mshauri inaishia mlangoni, na nje ya mlango hakuna siri. Wakabishana kwa heshima, kila mmoja akabaki na lake.

Msomi alikuwa sahihi, na hili marehemu alilisema mwenyewe mpaka mwisho. Kulikuwa na mgeni mmoja, tuseme alikuwa mwoka mikate. Hakuwa mwoka mikate, msianze kutazamana. Wenzake wa kazini walimwona akitembea na Mama Twende, na kwa kuwa Mama Twende alitembea na wageni wa kituo tu, ilikuwa kama amevikwa bango. Jioni hiyo hiyo wakaanza: "Vipi, umepona kichwa?" Walimcheka wiki nzima. Akaacha kuja kituoni. Dada yangu, aliyekuwa hajui kuagana, siku kadhaa aliagana na wageni mlangoni. Fundi saa alinipigia simu kuniambia mkewe sasa anafika nyumbani mapema, na kwamba anaogopa.

Kisha akaja kwenye karakana yangu. Alikuwa amenifungisha sinki dogo ndani ya kituo, karibu na mlango wa kutokea, ili mgeni aliyelia anawe uso kabla ya kuingia barabarani. Akaniambia, "Ling'oe. Liweke nje."

"Nje wapi?"

"Ukutani, upande wa barabara. Kila mtu anawe."

"Dada, sinki la barabarani litaibiwa koki kabla sijapanda baiskeli."

"Utaweka nyingine. Wewe si fundi?"

Nimeweka koki sita. Lakini sinki lilibaki. Muuza nyanya akanawa hapo, watoto wa shule wakanawa, waendesha bodaboda wakanawa na kuchana nywele kwenye kioo chake. Ikawa katika mtaa ule uso uliolowa maji haumaanishi chochote.

Na yeye akaanza kusindikiza kila mtu. Simaanishi wageni wa kituo, namaanisha kila mtu. Aliyekuja kununua daftari duka la mbele alishtukia Mama Twende yuko ubavuni mwake. Alimsindikiza mwenye nyumba aliyekuja kugombana, akamfikisha kona wamesahau ugomvi. Alimsindikiza ofisa aliyetumwa kukata maji hadi kwenye pikipiki yake, na maji siku ile hayakukatwa, jambo ambalo mimi kama fundi silielewi hadi leo. Watu walimcheka. Walisema kazi ya kusikiliza vichaa imemwambukiza. Aliniambia, "Acha wanicheke mimi, nina kifua." Haukupita mwaka, kutembea na Mama Twende kukawa jambo la kila mtu, na hakuna aliyeweza tena kusema huyu ni mgeni na huyu ni mpita njia. Msomi naye akaanza kumaliza saa yake mapema ili apate dakika za kutembea. Hakumwambia marehemu kwamba amemwiga. Alisema ni mazoezi.

Kama yule tuliyemwita mwoka mikate alirudi, sijui. Nilimuuliza dada mara nyingi, akawa ananiuliza kama nimekula.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kuchoka. Alizoea kufika kona, akawa anafika duka la mbele. Kisha akawa anafika kwenye sinki, anashika ukingo wake na kupumua, halafu anampungia mgeni mkono. Alipolazwa, wauguzi walimkuta mara mbili akiburuta chuma cha dripu kwenye korido, akimsindikiza mtu aliyekuja kumwona mgonjwa wa kitanda kingine. Daktari alimkaripia. Akamwitikia vizuri, na daktari alipoondoka, tulimzuia asimsindikize.

Siku moja tukiwa wawili tu aliniambia, "Mdogo wangu, siku yangu watu wangu watataka kuja."

Nikamuuliza, "Nitawajuaje?"

"Hutawajua. Ndiyo raha yake."

Alifariki dunia asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Machi 2025, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne. Fundi saa hakutazama ni saa ngapi, na tumekubaliana kutomuuliza.

Siku iliyofuata Nesi alikuja nyumbani. Alisema wageni wanauliza kama wanaweza kumzika. Mmoja alisema atasimama ng'ambo ya barabara. Mwingine alisema ataangalia kwa mbali siku nyingine, watu wakishaondoka. Hapo niwaambie ukweli, sisi familia tulikuwa karibu kuwaumiza. Katika programu ya kwanza, iliyokuwa tayari kwa mpiga chapa, tuliandika "Salamu kutoka kwa waliohudumiwa na marehemu", na tukawatengea viti vya mstari wa pili, vyenye utepe mweupe. Tulidhani ni heshima. Fundi saa alivaa miwani yake ya kazini, akasoma, akasema, "Mke wangu alitembea miaka yote ile ili watu hawa wasiwe na mstari wao." Akaikata kwa kalamu. Alilia, nasi tukalia naye.

Kwa hiyo leo hakuna viti vya watu fulani, hakuna salamu za kundi fulani, na hakuna magari. Kutoka hapa hadi makaburini tutakwenda kwa miguu sote, bega kwa bega na yeyote aliye karibu. Aliyesimama ng'ambo ya barabara, njoo. Hakuna atakayekujua, kwa sababu hakuna hapa ambaye Mama Twende hakumsindikiza.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja anayejifunza kutembea, wadogo zake wanne, na wenzake watatu wa kituo. Ameacha na wengine wengi, ambao familia inawahesabu kuwa ndugu na haitawataja kamwe.

Langoni mwa makaburi nimefunga sinki lake, na koki ni mpya. Tukitoka, kila mtu anawe uso, aliyelia na asiyelia.

Dada, msindikizaji hufika mahali akarudi. Sisi tutarudi, wewe pumzika kwa amani. Haya, twende.