Chipu Niliyoianika Juani

Sijamwambia mtu jambo hili, hata mama: chipu mama ya mizani, ile inayotunza programu yake, haikufa kwa uzee kama ofisi inavyoamini. Niliiua mimi.

Mzee Andongwisye anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 1996, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya kinu chetu cha mpunga. Alianza kwa kupaka grisi, anaondoka akiwa fundi mkuu.

Wataalamu wa mradi walipoondoka mwaka 1986, waliacha mashine ya kuandikia na kujaribia programu za chipu, kubwa kama sanduku la nguo. Ofisi ikaifanya meza ya chai. Mzee aliondoa vikombe, akasoma kitabu cha mashine hiyo mwaka mzima. Kwa mashine hiyo amefufua kipima unyevu wa kakao, ametengeneza kifaa cha kuzima mota zikichemka, na kila umeme unapounguza chipu ya mizani, hunakili nyingine kutoka chipu mama. Marta wa jikoni humtania, "Baba, jeneza lako limeamka leo?" Naye hujibu, "Limeamka, linaulizia chai."

Mafuriko ya Aprili mwaka jana yalipoingia karakana, niliikuta chipu mama imelowa. Kwetu Mwaya, mpunga ukilowa unaanikwa. Nikabandua karatasi iliyoziba kidirisha cha kioo mgongoni mwake, nikaianika juani siku nane. Sikujua kwamba jua hufuta kilichoandikwa ndani.

Juni ile umeme uliunguza tena chipu ya mizani, mizani ikazima, watu wa Busale wamepanga magunia hadi barabarani. Chipu mama ilikuwa tupu. Kwa siku nne Mzee aliichapa programu upya kutoka kwenye makaratasi ya zamani, namba moja moja. Ofisini alisema chipu imezeeka. Mimi aliniambia tu, "Mwanangu Naomi, mpunga ukianikwa unakauka. Hii inasahau."

Jumatatu nakabidhiwa funguo za karakana. Meneja amesema mizani ikizima tena, mashine itauzwa chuma chakavu. Leo nimezikagua chipu mara tatu. Zote zimezibwa.

Mzee wetu, ndaga fijo, asante sana. Kapumzike Ipyana, kakao yako ipate jua la kutosha.

Nanyi wenzangu, karatasi hii ni ya sisi sita wa karakana. Ikifika ofisini, funguo sitapewa, na hakuna mwingine aliyefundishwa mashine ile. Nawaomba, mkishaisoma, ikunjeni, msimwambie mtu.